Ugonjwa wa Usukani Haufichwi kwa Spana

Katika nyumba nyingi za watumishi, za askari na za polisi, pikipiki moja hufanya kazi ya watu wanne. Alfajiri humfikisha mama kazini. Baadaye humpeleka mtoto shuleni. Adhuhuri huleta gunia la mkaa, na jioni hurudi na baba. Chombo cha namna hiyo kikiugua, nyumba nzima huugua pamoja nacho. Kwa hiyo si vibaya kurasa hizi za nyumbani, ambazo huzungumza juu ya mapishi na malezi, zikazungumza pia juu ya chuma hiki tulichokifanya kuwa mmoja wa jamaa.

Injini ikikohoa, mtaa wote husikia na mwenye mali hukimbilia kwa fundi. Lakini sehemu ya mbele, yaani usukani na ile miguu miwili inayoshika gurudumu, huugua kimya kimya. Pikipiki huendelea kwenda, mwendeshaji huzoea kasoro zake kidogo kidogo, hata siku breki inapokamatwa ghafula mteremkoni ndipo ukweli unapodhihirika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili la usukani, maradhi mara nyingi hufichwa na yule yule aliyeitwa kuyatibu, na kifaa anachotumia kuyaficha ni spana.

Sisi twakaa Mutanga Sud, mtaa ulioegemea vilima vya mashariki ya Bujumbura, karibu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mto Ntahangwa hupita huko katika korongo ambalo mvua za kila mwaka hulipanua na kutishia nyumba za ukingoni. Kwenda mjini kwetu ni kuteremka, na kurudi ni kupanda. Kuna vipande vya lami, vipande vya mawe yaliyopangwa, na vipande vya udongo mtupu ambavyo baada ya mvua hubaki na mifereji. Pikipiki inapoteremka huku imeshikwa breki, uzito wa watu na wa chombo huegemea mbele. Na kila jiwe linalokutana na tairi hugonga moja kwa moja katika shingo ya usukani. Ndiyo maana katika miji ya milima sehemu ya mbele huzeeka upesi kuliko katika miji ya tambarare.

Mke wangu ni polisi, naye ndiye aliyekuwa akiiendesha pikipiki yetu mara nyingi zaidi, kwa sababu ya zamu za usiku. Jioni moja aliniambia, "Baba watoto, pikipiki hii siku hizi inajichagulia njia." Nikamwomba aeleze. Akasema kwamba akienda polepole, usukani haukubali kukaa wima. Humlazimu kuurekebisha kila mara, huku na huku, kama mtu anayemwongoza mbuzi mkaidi. Tena akishika breki mteremkoni, husikia mgongo mmoja mfupi, "ko!", chini ya mikono yake.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea aliitikisa, akakaza nati kubwa ya usukani kwa nguvu zake zote, akatuaga. Mgongo ukakoma. Lakini ule ukaidi ukazidi, na kona ya kuingia nyumbani ikawa ya kuogofya. Fundi wa pili hakufungua kitu. Alitazama tu, akasema miguu yote ya mbele ibadilishwe. Fedha alizotaja zilikuwa zikitosha kulipa karo ya watoto wetu wawili kwa muhula mzima, na kwa hakika ndizo fedha pekee zilizokuwamo katika bahasha. Mama watoto akasema, "Mimi sitaipanda usiku mpaka nijue inaugua nini. Na karo haitoki mpaka nijue hivyo hivyo." Maneno hayo nayaona hata leo kuwa ya hekima: asitoe fedha wala maisha kwa ugonjwa usiojulikana jina.

Nikaenda Buyenzi, mtaa wa zamani wa Waswahili wa Bujumbura, ambako karakana zimepangana barabara kwa barabara. Huko yuko mzee mmoja aliyezeekea katika pikipiki. Nilimwamkia, nikampa habari yote. Akanijibu, "Mwalimu, chuma hakisemi uongo. Ila chataka kiulizwe swali moja moja." Neno hilo lilinigusa, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa katika mafunzo ya ualimu: mtoto akishindwa kugawanya, usimchape kwa kugawanya, mrudishe kwenye kuzidisha, kisha kwenye kutoa, mpaka uione hatua aliyoteleza. Niliketi naye mchana mzima, na haya ninayoyaandika ni matunda ya mchana huo.

MWILI WA MBELE ULIVYOUNDWA

Kwanza tuujue mwili wenyewe. Mbele ya fremu ya pikipiki kuna bomba fupi nene, nalo ndilo shingo. Ndani yake umepita mhimili wa usukani, na mhimili huo huzunguka juu ya beringi mbili, moja juu na moja chini. Katika pikipiki nyingi ndogo, kila beringi ni gololi za chuma zilizokaa katikati ya vikombe viwili. Vikombe vyote, basi, ni vinne. Juu kabisa kuna nati ya duara yenye mapengo, ambayo kazi yake ni kuzipa gololi mbano wa kadiri: zisilegee, wala zisibanwe.

Kutoka kwenye mhimili huo hushuka miguu miwili, ambayo wengi huiita shokapu za mbele. Kila mguu ni bomba laini linaloingia katika ala yake kama kisu. Ndani mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili huituliza springi isirukeruke. Mahali bomba linapoingia katika ala pana mpira mwembamba uitwao sili, unaoizuia oili isitoke na vumbi lisiingie.

Miguu ya namna hii si ya jana. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliitia katika pikipiki yake ya R12 mwaka 1935, ikiwa na oili ya kutuliza springi, na pikipiki hiyo ikatumiwa sana na jeshi la nchi hiyo. Mwaka 1941 Waingereza nao wakawapa matarishi wao wa jeshi Matchless G3/L yenye miguu kama hiyo, na askari wakaipenda kwa sababu iliwafikisha mbali bila kuwavunja viwiko. Tangu siku hizo kanuni haikubadilika sana. Anayeifahamu moja, amezifahamu nyingi.

KUULIZA SWALI MOJA MOJA

Kosa kubwa la wengi ni kuanza na nati. Mzee alianza na tairi. Upepo ukipungua, au tairi likiliwa upande mmoja, usukani hucheza hata kama beringi zote ni mpya. Kisha alizipiga spoki kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine, akisikiliza mlio; spoki iliyolegea haina sauti ya kengele. Kisha akahakikisha ekseli imekazwa.

Swali la pili ni la gurudumu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, na mtu mwingine akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Shika tairi juu na chini, usukume kwa mkono mmoja huku ukivuta kwa mwingine, na mwenzako ashikilie miguu isicheze. Gurudumu likiyumba, beringi za gurudumu zimekwisha. Hapo usiuguse usukani.

Swali la tatu ni la shingo. Gurudumu likiwa bado hewani, kaa chini mbele yake, shika ncha za chini za miguu yote miwili, ivute kwako na kuirudisha. Ukisikia mchezo, usihukumu bado. Mwambie mwenzako aweke kidole kati ya shingo ya fremu na kibano cha chini kinachoshika mabomba. Mchezo ukisikika hapo, beringi za usukani zimelegea. Ukisikika chini zaidi, bomba linapoingia katika ala, basi ni bushi za miguu zilizolika. Magonjwa haya mawili hutoa mlio ule ule wa "ko!", lakini tiba zake ni mbali mbali kama homa na jino.

Swali la nne ni la ulaini. Zungusha usukani polepole sana, kwa vidole viwili tu, kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Mwendo wake uwe kama wa kijiko ndani ya mafuta. Ukikwaruza, grisi imekauka au maji yameingia. Ukiwa mzito mwote, nati imekazwa mno. Au pengine kamba ya klachi, ya breki au nyaya za taa zinavuta, kwa hiyo zitazame kwanza. Lakini ukiteleza vizuri, halafu ukakwama katikati, pale pale gurudumu linapotazama mbele, kama mlango unaoingia katika komeo, basi vikombe vimechimbika.

Kwa nini vichimbike katikati? Kwa sababu pikipiki hutumia karibu maisha yake yote ikiwa imenyooka. Gololi hukaa mahali pale pale, na kila jiwe la barabara huzigonga palepale, mpaka kila gololi ijichimbie kishimo chake. Siku hiyo usukani hupata mahali pa kulala. Mwendeshaji akitaka kuutoa kidogo, haukubali. Akiulazimisha, huruka kupita kipimo. Huko ndiko kujichagulia njia.

Swali la tano ni la miguu. Teremsha pikipiki chini, shika breki ya mbele, ukandamize usukani kwa nguvu mara tatu au nne. Miguu ishuke kwa utulivu, ipande mara moja, itulie. Ikirukaruka, oili ni chache au imechakaa. Ikishuka hadi kugonga chini, springi imechoka au oili haimo. Kisha pitisha kidole juu ya bomba. Pete ya oili iliyochanganyika na vumbi ni sili inayovuja. Hili si jambo la uchafu tu: oili hiyo ikishuka hadi kwenye breki, mwenye pikipiki atashika breki asiipate.

Majibu tuliyoyapata yalikuwa haya. Tairi zima, gurudumu zima, bushi zima. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete ya oili. Na usukani, baada ya mzee kuilegeza ile nati iliyokazwa kwa mabavu, ukakwama katikati kama mlango katika komeo. Fundi wa kwanza alikuwa ameuzima mlio na kuuacha ugonjwa. Wa pili alitaka mgonjwa akatwe miguu kwa sababu ya shingo. Beringi kamili za usukani na sili mbili, pamoja na oili na ujira wa mzee, hazikufika robo ya fedha zilizotajwa. Karo ikabaki ndani ya bahasha yake.

TIBA YENYEWE

Ikiwa usukani umelegea lakini vikombe ni laini, kukaza kwatosha. Legeza kwanza bolti ya juu ya mhimili na zile zinazobana mabomba katika kibano cha juu. Kaza nati ya duara taratibu huku ukizungusha usukani huku na huku ili gololi zikae, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Kaza bolti zote, halafu upime upya, kwa sababu bolti ya juu nayo huongeza mbano. Kipimo kizuri ni hiki: gurudumu likiwa hewani, ukiusukuma usukani kidogo kutoka katikati, uanguke wenyewe kwa uzito wake hadi mwisho, kushoto na kulia, bila kuwa na mchezo wowote ukivuta miguu.

Ikiwa vikombe vimechimbika, hakuna mkazo utakaovitibu. Badilisha vyote vinne pamoja na gololi zote. Gololi mpya juu ya kikombe cha zamani itaufuata ule ule mchimbo. Unapofungua, tandaza kitambaa chini, kwa kuwa gololi humwagika kama mtama. Zihesabu za juu na za chini, uandike. Kikombe kipya kiingie sawasawa mpaka kiti chake. Mzee alikisukuma kwa kutumia kikombe cha zamani kama kinga, wala hakukigonga kwa patasi. Grisi iwe nyingi, tena ya aina isiyoyeyuka kwa maji. Zipo pia beringi za vijigogo vilivyochongoka badala ya gololi. Hizo huugawa uzito juu ya mstari badala ya nukta, na kwa hiyo hustahimili zaidi. Lakini lazima ziwe za kipimo cha pikipiki yako hasa.

Kuhusu miguu, sili hubadilishwa pande zote mbili hata kama unaovuja ni mmoja, na oili katika miguu yote miwili iwe sawa kwa aina na kwa kiasi. Kiasi chenyewe hutofautiana kutoka pikipiki moja hadi nyingine, na mara nyingi ni chini ya robo lita kwa kila mguu. Kitabu cha pikipiki hueleza. Sisi tulipima kwa chupa ya maziwa ya mtoto iliyokuwa imestaafu, yenye alama za mililita, na baada ya hapo chupa hiyo haikurudi jikoni tena. Kabla ya kubadilisha sili, tazama kama bomba lina vidoa vya kutu au mikwaruzo: kutu hiyo itaikata sili mpya kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo isuguliwe kwa msasa laini kabisa. Wakati mwingine sili si mbovu, bali imebeba mchanga tu. Mafundi wenye subira huutoa kwa kupitisha kipande chembamba cha filamu ya picha kuzunguka bomba.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kifuniko cha juu cha mguu hukandamizwa na springi. Ukifungua mpaka nyuzi za mwisho, chaweza kuruka kwa nguvu ya kuumiza jicho. Usiinamishe uso juu yake, na mtoto asiwe karibu.

MAMBO YA KUKATAA

Kataa oili ya injini, hasa ile nzito na iliyokwisha kutumika. Huwafanya miguu iwe mizito barabarani, na uchafu wake huila sili. Kataa bomba lililopinda kunyooshwa kwa moto, kwa kuwa chuma kilichopashwa hivyo hupoteza nguvu zake. Baada ya kuanguka, hata hivyo, usikimbilie kununua: mara nyingi mabomba hayakupinda, yamejisokota tu katika vibano. Legeza bolti za vibano na za ekseli, nyosha usukani na gurudumu vitazamane, kandamiza miguu mara kadhaa, ukaze tena. Ukishuku kwamba bomba limepinda, lifungue, ulibingirishe juu ya kioo. Lililopinda litacheza ngoma.

Kataa pia pampu ya maji yenye nguvu kuelekezwa shingoni wakati wa kuosha. Maji huingia, hayatoki, na kutu huanza. Wengi wetu tuliliona jambo hili katika miaka ya 2022 hadi 2024, petroli ilipokuwa haba nchini na pikipiki zikalala majuma mengi bila kwenda. Chombo kilichooshwa kikaachwa kimesimama, kutu hukaa chini ya kila gololi pale pale ilipotulia, na mabomba huota vidoa juu ya sili. Pikipiki isiyokwenda nayo yataka kuzungushwa usukani na kupanguswa mabomba walau mara moja kwa juma.

Kwa ndugu zetu askari na polisi, ukaguzi kabla ya safari si jambo geni. Ni amri wanayoijua tangu siku za mafunzo. Nawaomba waulete nyumbani. Kabla ya kuteremka barabara kuu nambari 1 kutoka Bugarama, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hadi Bujumbura, penye karibu mita 800, hapana dakika tano zenye faida kuliko zile za kushika breki, kukandamiza, kupapasa bomba na kuzungusha usukani kwa vidole viwili. Njia hiyo ina malori, ina baiskeli zilizobeba ndizi zikishuka kwa kasi, na haimsamehi mtu ambaye gurudumu lake lina nia yake mwenyewe.

Asiye na vyombo na ampelekee fundi, wala si aibu. Ila asimwambie, "Kaza usukani." Amwambie, "Nionyeshe kinachougua." Na kazi ikiisha, amwombe vikombe vya zamani, avifute grisi, apitishe ukucha ndani yake. Ukucha ukihesabu vishimo, kimoja kimoja, fedha zake zilikwenda mahali pake. Ukiteleza bila kukwama, arudi akaulize, kwa adabu, ni nini hasa kilichobadilishwa.